Vitanzi Vilivyogeuka: Kutoka FORTRAN Hadi Go

Leo nataka tuongee historia. Najua wengi mnakuja hapa kutafuta maelezo ya jinsi ya kusakinisha hiki na kile, na mimi mwenyewe historia shuleni ilikuwa somo la kusinzia, lakini kuna jambo lilinipata ambalo lilinilazimisha kurudi nyuma hadi mwaka 1957, na nimeona si vizuri kukaa nalo peke yangu.

Jambo lenyewe ni kitanzi. Kwa wale wasiotunga programu: kitanzi ni ile sehemu ya programu inayorudiwarudiwa. Unaiambia tarakilishi, chukua orodha hii, pitia kila kilichomo, ukikifikia kifanyie hivi na hivi, ukimaliza endelea mbele. Ni kitu cha wiki ya pili au ya tatu darasani. Nilimaliza digrii nzima ya sayansi ya tarakilishi nikiamini kwamba ukishaelewa kitanzi umeelewa, basi, hakuna atakayekuja usiku kukibadilisha. Kumbe hubadilishwa! Tena msimbo wako unabaki vilevile, herufi kwa herufi.

Mwaka 2021 nilikuwa natunza programu ndogo ya kikundi cha akina mama wanaokopeshana. Sikuitunga mimi. Niliirithi kutoka kwa jamaa aliyeiandika kwa PHP 5 miaka mingi kabla, akaenda zake. Kazi yake ilikuwa rahisi: kurekodi mikopo, kurekodi malipo, na kupiga hesabu ya faini. Kanuni ya kikundi ni kwamba kati ya malipo na malipo zisipite siku 35. Ukizidisha, unatozwa shilingi 20 kwa kila siku iliyozidi. Kampuni iliyotuwekea seva ikatuma barua pepe kwamba inaondoa PHP 5.6, kila mtu ahamie 7.4. Haikuwa dhuluma, kwa sababu 5.6 iliacha kupokea marekebisho ya usalama mwisho wa mwaka 2018. Nikahamisha. Nikafungua mkopo wa majaribio, nikaingiza malipo mawili, faini ikatoka sufuri kama ilivyotakiwa. Nikafunga kipakatalishi nikaenda kula.

Mwezi Agosti mweka hazina akanipigia simu. Huyu ni mama wa makamo, mwalimu mstaafu, mwenye daftari kubwa la jalada gumu ambalo hakuwahi kukubali kuliacha hata baada ya programu kuja.

"Kijana wangu," akasema, "hiyo mashine yako imeanza kula watu."

"Inakula vipi, Mama?"

Akanisomea. Kuna mwanachama aliyekopa shilingi 40,000. Alianza kulipa tarehe 5 Januari, akalipa tarehe 5 ya kila mwezi bila kukosa, hadi tarehe 5 Agosti. Malipo manane. Daftari linasema hana faini hata senti. Tarakilishi inasema anadaiwa faini ya shilingi 12,060. Na jambo lililoniuma zaidi: yule mama alikuwa ameshaonyeshwa deni lilipokuwa bado dogo, akalipa 3,000 kimyakimya, kwa sababu hakutaka jina lake lisomwe mkutanoni mbele ya wenzake. Aliamini tarakilishi. Alijiambia kwamba lazima yeye ndiye aliyekosea.

Nikamwambia, "Mama, nipe hadi jioni."

Msimbo wenyewe ulikuwa huu, nimeupunguza kidogo tu:

foreach ($malipo as &$lipo) {
    $linalofuata = current($malipo);
    if (!$linalofuata) break;
    $siku = $lipo['tarehe']->diff($linalofuata['tarehe'])->days;
    if ($siku > 35) $faini += ($siku - 35) * 20;
}

Tuusome pamoja. Kitanzi kinapita kila lipo. Ndani yake, current() inaiuliza orodha: kielekezi chako kiko wapi sasa hivi? Orodha za PHP zina kielekezi cha ndani, mfano wa kidole kinachoonyesha mstari unaosomwa. Sasa katika PHP 5, foreach ya aina hii, yenye ile alama ya &, ilikuwa inasogeza kidole hicho mbele kabla ya kuanza kazi ya ndani. Yaani wewe uko kwenye lipo la Januari, kidole tayari kiko Februari. Jamaa yangu aliligundua hilo, pengine kwa kubahatisha, akalitumia kama njia ya mkato ya kuchungulia lipo linalofuata. Ukifika la mwisho kidole kimetoka nje ya orodha, current() inarudisha false, kitanzi kinavunjwa. Ujanja mtupu, lakini ulifanya kazi kwa miaka.

Katika PHP 7, foreach haigusi kidole hicho kabisa. Kinabaki pale kilipokuwa, mwanzoni. Kwa hivyo kila lipo likawa linalinganishwa na lile la Januari. Fuata hesabu: Januari na Januari, siku 0. Februari na Januari, siku 31, sawa. Machi na Januari, siku 59, tayari amezidisha 24. Aprili 90, Mei 120, Juni 151, Julai 181, Agosti 212. Jumlisha zilizozidi 35 katika kila moja, unapata siku 603. Zidisha kwa 20. Shilingi 12,060 kamili. Na zaidi ya hapo, ile days ya PHP hutoa idadi ya siku bila kujali ipi imetangulia, kwa hivyo hata alama ya kutoa haikutokea kunishtua.

Umeona kwa nini jaribio langu lilipita? Malipo mawili! Kwa malipo mawili njia ya zamani na njia mpya zote hazitoi faini. Kosa linaanzia lipo la tatu.

Basi jioni hiyo nikafungua mwongozo rasmi wa kuhama kutoka PHP 5 kwenda 7. Nilitarajia kukuta kimya, nipate wa kumlaumu. Wapi! Limeandikwa wazi, tena na mfano wa current() ndani ya foreach, matokeo ya zamani na matokeo mapya. PHP 7.0 ilitoka Desemba 2015. Onyo lilikuwa limenisubiri miaka zaidi ya mitano. Sikulisoma kwa sababu nilidhani mwongozo wa kuhama ni wa watu wanaotumia vitu vigeni na vigumu. Foreach? Nani anasoma kuhusu foreach?

Waliofanya mabadiliko hayo walikuwa na sababu nzuri, nikiri. Kile kidole ni urithi wa zamani sana. Foreach iliingia PHP 4 mwaka 2000. Kabla yake watu walizunguka orodha kwa while na each(), na each() ilihitaji kidole cha kusogeza. Foreach ilipokuja ikachukua kidole hichohicho. Mwaka 2004 PHP 5 ikaongeza uwezo wa kupita orodha kwa rejeleo, ndiyo ile &, na mambo yakazidi kuchanganyika: wakati mwingine foreach ilizunguka orodha yenyewe, wakati mwingine nakala, ikitegemea vitu ambavyo mwandishi wa programu hakuviona. Ukibadilisha orodha ukiwa katikati ya kitanzi, hukuwa na uhakika utapata nini. Toleo la 7 likasema: ukipita kwa thamani, unapita nakala, mwisho. Ukipita kwa rejeleo, ukiongeza kitu nyuma ya orodha kitanzi kitakifikia. Na kidole hakiguswi. Ni kanuni safi kuliko ya zamani, sibishi. Each() yenyewe ilitangazwa kustaafu katika 7.2 na ikaondolewa katika 8.0 mwaka 2020.

Lakini nilikuwa bado na hasira. Nikajiuliza kama ni PHP peke yake yenye tabia hii (PHP hulaumiwa kwa kila kitu, wakati mwingine kwa haki). Nikaanza kuchimba.

Nikachimba hadi chini kabisa, hadi FORTRAN.

FORTRAN ilitolewa na IBM mwaka 1957 kwa ajili ya mashine ya IBM 704, kazi ya kikosi kilichoongozwa na John Backus. Kitanzi chake kinaitwa DO. Unaandika DO 10 I = 1, N, na kila kilicho kati ya hapo na mstari wenye namba 10 kinarudiwa, I ikianza 1 hadi N. Sasa swali la mtoto: N ikiwa 0, kitanzi kinazunguka mara ngapi? Wewe na mimi tutasema hakizunguki. Kompaila nyingi za zamani hizo zilisema mara moja.

Sababu iko kwenye chuma. IBM 704 ilikuwa na rejista tatu za kuhesabia, na amri moja iliyoweza kupunguza hesabu na kuruka nyuma kwa pamoja. Kitanzi cha bei nafuu kabisa ni kile kinachofanya kazi kwanza, kisha kinajiuliza mwishoni: nirudi tena? Kuuliza mlangoni kabla ya kuingia kungegharimu amri za ziada, na Backus na wenzake walikuwa wakipigana na watu walioamini kwamba tarakilishi haiwezi kuandika msimbo wenye kasi kama wa binadamu. Kila amri ilihesabiwa.

Kanuni rasmi ya mwaka 1966 haikusema kwamba kitanzi lazima kizunguke mara moja. Ilisema tu kwamba mwanzo usizidi mwisho. Yaani ukiweka N = 0 umevunja sheria, na yatakayokupata ni yako. Watu wenye busara waliweka IF juu ya kitanzi ili kukiruka pale N ilipokuwa sufuri. Wengine hawakuweka, programu zao zikazoea kuzunguka mara moja, na matokeo yake yakazoeleka kuwa ndiyo matokeo sahihi.

Kisha ikaja FORTRAN 77 (jina ni 77, ingawa taasisi ya viwango ya Marekani iliipitisha mwaka 1978). Hii ikatangaza kwamba idadi ya mizunguko inapigwa hesabu mlangoni, na ikitoka sufuri au chini ya sufuri, kitanzi hakifanywi kabisa. Sahihi kihesabu. Lakini fikiria mtu mwenye programu ya fizikia ya mistari elfu kadhaa iliyoandikwa mwaka 1969, mwandishi wake amehama, na anapoikompaila upya namba za mwisho zinatofautiana na zile za mwaka jana. Hakuna ujumbe wa kosa. Hakuna mstari uliobadilika. Nilipofika hapo nilihisi kama namfahamu mtu huyo.

Watunga kompaila walitafuta suluhu ambayo naipenda kwa unyenyekevu wake: swichi. Kwenye Unix, f77 ilikuwa na -onetrip, ukiiweka vitanzi vyako vinarudi kwenye tabia ya kale. Kompaila ya Fortran ya Intel nayo ilibeba swichi ya jina hilohilo hadi karne hii, miongo mingi baada ya kanuni kubadilika. Hiyo inakuonyesha ni msimbo kiasi gani wa kale uliokuwa bado unapumua mahali fulani. Ubaya wa swichi ni kwamba inakaa nje ya programu, kwenye amri ya kukompaila. Ikisahaulika, au mtu akinakili msimbo bila ile amri, programu inageuka tena bila kusema neno.

Kuna visa vingine nitavipita mbio. Visual C++ 6.0 ya mwaka 1998 iliacha kigeu cha for kiendelee kuishi nje ya kitanzi huku kanuni ya C++ ya mwaka huohuo ikikataa, na watu wakahangaika na hilo hadi toleo la 2005 lilipofuata kanuni. Python 3.0, Desemba 2008, ilizuia kigeu cha orodha-fupi kisivuje nje kama kilivyovuja katika Python 2. Pia ukizunguka keys() za kamusi huku unazifuta, Python 2 ilikuruhusu, Python 3 inakusimamisha kwa kosa. Hiyo ya mwisho ni ya kiungwana. Inapiga kelele.

Kisa kinachonivutia zaidi ni kile cha kigeu kimoja dhidi ya vigeu vingi, nacho kimerudi katika lugha tatu. Niwape mfano kwanza. Muuguzi anapanga wagonjwa watano. Badala ya kumpa kila mmoja karatasi yenye namba yake, anaandika namba ubaoni na kumwambia kila anayepita: ukifika kwa daktari, sema namba iliyo ubaoni. Anaandika 1, mgonjwa wa kwanza anapita akakae. Anafuta, anaandika 2. Hivyo hivyo hadi 5. Daktari anafika saa nne, anawaita. Kila mmoja anatazama ubao. Wote ni namba 5.

Ubao ni kigeu cha kitanzi. Kwa miongo mingi hakuna aliyejali kwamba ubao ni mmoja, kwa sababu daktari alikuwa palepale na kila mtu alisema namba yake papo hapo. Tatizo lilizuka lugha ziliporuhusu kuandika funksheni ndogo ndani ya kitanzi, inayokumbuka kigeu hicho, na kuiweka kando ifanye kazi baadaye. Inapokuja kufanya kazi, kitanzi kimeshaisha, na ubao una namba ya mwisho.

C# iliongeza funksheni za namna hii mwaka 2005, na matumizi yake yakaongezeka sana baada ya LINQ. Malalamiko yakawa mengi. Novemba 2009 Eric Lippert, aliyekuwa kwenye kikosi cha kompaila ya C# huko Microsoft, aliandika makala akieleza kwa nini tabia hiyo ina madhara na kwa nini kuibadilisha nako kuna madhara. C# 5 ilipotoka mwaka 2012, wakabadilisha. Kila mzunguko wa foreach ukapata kigeu chake kipya. Kitanzi cha for cha kawaida wakakiacha kama kilivyo. Jambo moja hapa watu hulisahau: mabadiliko haya yanauma pande zote mbili. Msimbo ulioandikwa na mtu aliyezoea toleo la 5, ukiukompaila na toleo la 4, unakubali bila shida yoyote, kisha unafanya kosa la zamani.

JavaScript haikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Tovuti ya mwaka 1999 lazima ifunguke kwenye kivinjari cha leo, na kivinjari hakimuulizi mwenye tovuti alimaanisha kanuni ya mwaka gani. Kwa hivyo var iliachwa na ubao wake mmoja, na Juni 2015 likaletwa neno jipya, let. Andika kitanzi cha mizunguko mitatu kwa var, weka setTimeout ndani, utapata 3, 3, 3. Andika let, utapata 0, 1, 2. Hakuna aliyevunjiwa kitu. Gharama yake ni kwamba lugha sasa ina maneno mawili, na kila mwanafunzi lazima aelezwe kwa nini lile la zamani bado lipo.

Tukifika Go, kisa kinakuwa kikubwa. Go 1 ilitoka Machi 2012 ikiwa na ubao mmoja. Kila aliyeiandika kwa muda alijifunza, kwa maumivu, kuongeza ule mstari wa ajabu x := x ndani ya kitanzi ili kutengeneza karatasi yake mwenyewe.

Kisha Let's Encrypt wakaumia. Hawa ndio wanaotoa bure vyeti vya usalama vya tovuti, ile alama ya kufuli kwenye kivinjari. Kabla ya kutoa cheti wanatakiwa kukagua rekodi ya CAA ya jina la tovuti, inayosema ni mtoaji gani ameruhusiwa. Ombi moja linaweza kuwa na majina mengi. Tarehe 29 Februari 2020 waligundua kwamba pale majina kadhaa yalipohitaji kukaguliwa upya, programu yao ilichukua jina moja na kulikagua mara nyingi badala ya kukagua kila jina mara moja. Ubao! Kosa lilikuwa limeingia Julai 2019. Vyeti 3,048,289 viliguswa, asilimia 2.6 ya vyeti vyao vilivyokuwa hai. Walivifuta zaidi ya milioni 1.7 ndani ya siku chache, kisha wakaamua kutovifuta vingine vilivyobaki kabla ya siku ya mwisho waliyokuwa wamepewa, wasije wakaangusha tovuti za watu wasio na hatia.

Nilipousoma msimbo wenyewe (uko wazi kwa umma) kuna jambo lilinigusa. Aliyeuandika aliijua hatari hii. Kitanzi kilikuwa na vigeu viwili, na kigeu cha kwanza alikinakili kwa makusudi, akaacha na maelezo ya kwa nini. Cha pili hakukinakili. Yaani si ujinga wa mtu. Hata anayejua anakosea, na lugha inayohitaji kila mtu akumbuke kila mara itawaangusha watu wake.

Go wakabadilisha. Russ Cox na David Chase walieleza mpango Septemba 2023, baada ya toleo la 1.21 la mwezi Agosti kuruhusu watu waujaribu, na Google yenyewe ilikuwa imeshautumia ndani kwa miezi. Go 1.22, Februari 2024, ikaleta kigeu kipya kwa kila mzunguko. Kilichonifanya nikae vizuri kitini ni jinsi walivyolifanya. Kila mradi wa Go una faili ya go.mod, na ndani yake kuna mstari unaotaja toleo. Ukiandika go 1.22 au zaidi, unapata tabia mpya. Ukiwa bado na go 1.21, kompaila mpya kabisa itakupa tabia ya zamani. Na maktaba unazoazima kwa wengine zinafuata mstari wao, si wako. Msimbo unatembea na umri wake mfukoni. Ni ile -onetrip ya FORTRAN, ila imehamishwa kutoka kwenye amri ya kukompaila ikawekwa ndani ya mradi, mahali ambapo haiwezi kusahaulika. Wakaongeza na chombo cha kutafuta: jaribio likivunjika, bisect inakompaila nusu ya vitanzi kwa njia mpya na nusu kwa ya zamani, inapunguza, hadi ikuonyeshe kitanzi chenyewe.

Na majaribio yalivunjika kweli, lakini si kwa sababu uliyodhani. Chukua jaribio linalosema namba hizi zote ni shufwa: 3, 8, 10, 12, kila moja ikijaribiwa sambamba na wenzake. Katika toleo la zamani linapita! Kwa nini? Kwa sababu linajaribu 12 mara nne. Toleo jipya linaikamata 3, jaribio linaanguka, na mwenye programu anapiga kelele kwamba Go imemharibia kazi. Lilikuwa limeharibika tangu siku ya kwanza.

Nikirudi kwa mama zetu. Jioni ile niliondoa current() nikaweka namba ya nafasi, $malipo[$i + 1], kitu ambacho hakitegemei kidole cha mtu yeyote. Kisha nikakaa na mweka hazina na daftari lake Jumamosi nzima, mkopo baada ya mkopo. Wanachama 11 walikuwa wamewekewa faini isiyo yao. Wanne walikuwa wameshalipa. Tuliwarudishia kwa M-Pesa, na yule wa 3,000 nilitaka kumpigia mwenyewe kuomba radhi, lakini mweka hazina alikataa. Alisema atasimama mkutanoni na kulisoma jina lake mbele ya wote, pamoja na sababu, kwa kuwa aibu aliyoiogopa ilikuwa ya mkutanoni. Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa nyuma kabisa. Alinitaja na mimi.

Programu hiyo sasa iko kwenye PHP 8. Kabla ya kuihamisha nilisoma mwongozo wa kuhama wote, hadi sehemu zinazochosha, na jaribio langu siku hizi lina mkopo wa malipo manane kuanzia tarehe 5 Januari. Daftari bado lipo, sijathubutu kusema neno juu yake. Na mweka hazina akiona namba asiyoielewa, swali lake la kwanza kwenye simu, hata kabla ya salamu, ni, "Kijana wangu, umepandisha kitu?"